Jagi la Maji Mezani

Swali lenyewe ni dogo, na kwa macho ya wengi halistahili kuwekwa katika kitabu cha mambo ya imani: mtu aliyeingia mgahawani, akaagiza wali na maharage, akalipa, je, apewe maji ya kunywa bila malipo au anunue chupa? Lakini swali hili lilichukua vikao vitatu vya kamati ya mgahawa wa usharika wetu hapa Dodoma. Liliwagawa watu wanaoshiriki meza moja ya Bwana, na mwisho wake likagusa sare na madaftari ya watoto tunaowalea. Naliandika kama lilivyotokea, kwa kuwa najua ndugu wengi wana migahawa, kantini na mabanda ya chakula, na swali hili litawafikia kama halijawafikia bado.

Niseme kwanza mgahawa wetu ni wa namna gani. Uko ndani ya uwanja wa kanisa, ila mlango wake unatazama barabara. Ulianzishwa na Umoja wa Wanawake kwa banda la mabati na majiko mawili ya mkaa. Leo una meza nane. Wanaokula kwetu ni mafundi ujenzi, vijana wa bodaboda, makarani, wanafunzi wa vyuo, na watu waliotoka vijijini kuuguza ndugu zao hospitalini. Faida yote huingia katika mfuko wa watoto yatima na wa familia zisizojiweza. Mfuko huo hununua sare, viatu na madaftari, na kwa vijana wawili walioko chuo cha ufundi, hulipa ada. Mimi ni muuguzi mstaafu. Niliwekwa katika kamati ili niangalie usafi wa jikoni, wala si kwa sababu najua biashara.

Asiyeifahamu Dodoma inafaa ajue pia habari ya maji yetu. Huku mvua ni ya msimu mmoja. Huanza kunyesha karibu na Desemba, na ikifika Aprili au Mei mbingu imefunga. Miezi inayobaki ni ya vumbi na upepo. Wazee wa Kigogo wanajua kufukua mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yatoke, na akina mama waliokulia vijijini wanakumbuka kuamka usiku ili kuwahi zamu kisimani. Mjini, sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka katika visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na ladha yake ina chumvi kidogo. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia hapa kwa dhati, watu wameongezeka sana, na mgawo wa maji ni neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Maji yakikatika, vijana wa mikokoteni hupita na madumu wakiuza, na bei hupanda kwa kadiri siku zinavyozidi. Kwa hiyo ukisema “maji ya bure” mbele ya mama wa Dodoma, kwanza atacheka.

Hata hivyo zamani maji yalikuwa mezani. Wenye umri wangu watakumbuka. Uliingia hotelini, ukaketi, ukakuta jagi la plastiki na bilauri moja au mbili. Ulikunywa kabla ya chakula, ukanywa baada ya chakula, na hakuna aliyekuandikia. Kilichoyaondoa majagi yale, kwa jinsi nilivyoona mimi, ni mambo mawili: chupa na kipindupindu. Chupa zilipoanza kuuzwa kila duka, kunywa maji ya jagi kukaanza kuonekana ni mambo ya mtu asiyenacho. Kisha ikaja Agosti 2015. Kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi, na kabla hakijatulia zaidi ya watu 20,000 nchini walikuwa wameugua.

Wakati ule nilikuwa bado kazini, na nilihudumia wagonjwa katika mahema. Mtu aliyeona kipindupindu hawezi kuzungumzia maji kijuujuu. Mgonjwa huletwa asubuhi akiwa anatembea. Jioni macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi, sauti imekuwa nyembamba kama ya ndege. Kilichomfikisha hapo ni maji machafu. Kinachomrudisha ni maji: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kama pakiti ya dawa haipo, anyweshwe kidogo kidogo bila kukata tamaa. Kwa wale waliozidiwa tuliweka dripu. Nilikaa na watu usiku nikiwapa maji kwa kijiko. Kwa hiyo siwacheki waliotoa majagi mezani mwaka ule. Walikuwa na sababu, na maofisa wa afya waliowaambia hivyo walikuwa na haki.

Lakini kipindupindu kilipoondoka, jagi halikurudi. Kilichobaki ni friji ya chupa karibu na kaunta. Ndivyo ilivyokuwa na kwetu.

Hoja ya kulirudisha ililetwa kikaoni na mhudumu wetu mmoja, dada mdogo ambaye kwa kawaida huwa haongei mbele ya wazee. Alisema tu kwamba anaona vibaya kumjibu mteja, “Maji yapo ya kununua.” Alieleza kwamba kuna watu wanaokula huku wakitazama friji, kisha wanaondoka bila kunywa kitu, na jua la saa saba linawasubiri nje.

Mhasibu wa kamati alijibu kwanza. Ni mzee wa kanisa, mtu mnyoofu, ambaye kwa miaka yote hii hajawahi kupoteza hata stakabadhi moja. Nataka kuzieleza hoja zake kwa haki, kwa sababu hazikuwa hoja za mchoyo.

Alisema: “Hakuna maji ya bure. Bili inakuja kila mwezi. Kuyachemsha ni mkaa. Kuosha bilauri ni sabuni na maji mengine. Tukisema ni ya bure, maana yake kuna mtu mwingine analipa. Huyo mtu ni nani?” Akafungua daftari. Kila chupa ndogo tunayouza inatuachia faida ya takriban shilingi mia mbili. Siku ya joto zinatoka chupa hamsini, pengine zaidi. “Hizo ni shilingi elfu kumi kwa siku,” alisema. “Wenzangu, hizo ni jozi ya viatu vya mtoto. Nani katika sisi atakwenda kumwambia yule mtoto kwamba viatu vyake tumempa fundi ujenzi mwenye mshahara?”

Kikao kilinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu ninawajua wale watoto kwa majina na kwa namba za miguu yao.

Mwingine akaongeza hoja ya pili: tukiweka maji ya bure, watu watakuja kunywa tu, watajaza chupa zao, na watoto wa shule watakuwa wanapanga foleni. Wa tatu akasema jambo lililonigusa mimi moja kwa moja: “Na mtu akiharisha, jina litakalotajwa ni la kanisa.” Kikao cha kwanza kikaisha bila uamuzi, na niliombwa nilete maelezo ya usafi katika kikao cha pili.

Nilikwenda nyumbani nikitafakari, na jambo la kwanza lililonijia halikutoka katika Biblia. Lilitoka pale pale mgahawani. Mteja akiketi, kabla ya sahani kufika, mhudumu humletea birika la maji ya uvuguvugu, beseni na sabuni, akamimina taratibu mpaka mikono itakate. Au siku hizi anamwonyesha ndoo yenye koki pale mlangoni. Maji yale ni ya bomba lile lile, yamepashwa moto kwa mkaa ule ule, yanalipiwa katika bili ile ile. Katika maisha yangu yote sijasikia mtu akitozwa pesa kwa maji ya kunawa. Tukimtoza, atasimama na kuondoka, na wateja wengine watamwunga mkono. Basi imekuwaje maji ya vidole yawe haki ya mteja, na maji ya koo yawe bidhaa?

Jambo la pili ni chumvi. Juu ya kila meza yetu kuna kichupa cha chumvi, kisahani cha pilipili na kikopo cha vijiti vya meno. Vyote tunavinunua. Hakuna anayeviita bure, na hakuna anayeviita msaada. Ni sehemu ya chakula. Gharama yake imeingia ndani ya bei ya sahani tangu mwanzo, na mhasibu wetu mwenyewe ndiye aliyeiingiza. Hapo nikaona kwamba tulikuwa tunabishana juu ya neno lisilofaa. Hatukuwa tunaulizana kama maji yawe bure. Tulikuwa tunaulizana kama maji ni sehemu ya chakula au si sehemu yake.

Mtu akila ugali na dagaa wenye chumvi saa saba ya mchana, Oktoba, Dodoma, jibu ni lipi?

Jambo la tatu nililiona kwa jicho la uuguzi, na ndilo lililonisukuma kusema kikaoni. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewaona wateja wanaoagiza chai ya rangi na chapati moja, wanakaa pembeni, wanageuka kuelekea ukutani, na wanatoa kitu mfukoni. Ni vidonge. Wengine ni vya shinikizo la damu, wengine vya kifua kikuu, wengine ni vile ambavyo mtu hapendi jirani aone kopo lake. Wanatoka hospitalini, wamekwisha kulipa nauli na kipimo, na iliyobaki ni ya chapati. Wanameza dawa kwa chai ya moto, kwa vifunda vidogo vidogo, wakikunja uso. Siku moja kijana mmoja, ambaye huenda alijua niliwahi kuwa muuguzi, alinisogelea. “Shikamoo mama. Naomba maji kidogo ya kumezea dawa.” Nikamwitikia marahaba na nikampa. Lakini ili kuniomba, ilimbidi ataje dawa mbele ya meza mbili za watu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoielewa tofauti kati ya maji yanayopatikana ukiomba na maji yaliyokwisha kuwekwa mezani. Migahawa mingi itakuambia, “Sisi hatumnyimi mtu, akiomba tunampa.” Ni kweli, na ni vyema. Lakini aliye na haya hataomba. Aliyetoka kijijini, asiyejua taratibu za mji, hataomba. Mwenye siri ya ugonjwa hataomba. Anayeomba kwa urahisi mara nyingi ni yule ambaye angeweza kununua.

Usiku ule nilisoma tena Mwanzo 24, habari ya mtumishi wa Ibrahimu kisimani. Mtumishi aliomba maji kidogo ya mtungini. Rebeka akampa, kisha, bila kuombwa, akasema atawatekea na ngamia mpaka watosheke. Ngamia walikuwa kumi. Ngamia mwenye kiu hunywa makumi ya lita kwa mara moja. Ukipiga hesabu hiyo kwa mtungi wa begani, unaona jinsi binti yule alivyopanda na kushuka jioni ile. Na ishara ambayo mtumishi alikuwa amemwomba Mungu haikuwa binti atakayekubali kuombwa. Ilikuwa binti atakayetoa kuzidi alichoombwa.

Nikaenda kwa mjane wa Sarepta, katika 1 Wafalme 17. Nchi ilikuwa katika ukame, na mwanamke huyu alikuwa akiokota kuni ili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, kisha wafe. Mgeni akamwomba maji. Mara nyingi tunahubiri juu ya unga na mafuta, tunaruka mstari huu: alipoombwa maji hakujibu neno, alikwenda kuyaleta. Alipoombwa mkate ndipo aliposimama na kueleza hali yake. Katika nchi ya ukame maji yalikuwa adimu kuliko unga, lakini maji hakuyajadili. Kwa mwanamke yule, kumpa mgeni maji lilikuwa jambo lililotangulia hesabu.

Katika Ayubu 22, Elifazi anapotafuta dhambi kubwa za kumtwika rafiki yake, anataja kwamba alimnyima maji aliyechoka. Shutuma yenyewe ilikuwa ya uongo, maana Ayubu hakuwa mtu wa namna hiyo. Lakini tazama ni katika orodha gani jambo hilo limewekwa: pamoja na kuwavua walio uchi nguo zao na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Watu wa nyakati zile walilihesabu hivyo.

Na katika Mathayo 10:42 Bwana anaahidi thawabu kwa atakayempa mmoja wa wadogo hawa kikombe cha maji ya baridi. Neno “baridi” niliwahi kulipita bila kulitazama. Katika nchi ya joto isiyo na friji, maji ya baridi ni yale yaliyotoka kutekwa. Mtu ameinuka, ameshika kamba, amevuta. Kumbe kikombe kile hakikuwa cha bure hata kidogo kwa aliyekitoa. Mhasibu wetu alikuwa amesema kweli: maji yakiwa bure kwa mmoja, mwingine amelipa. Bwana hakanushi hesabu hiyo. Anasema anamwona aliyelipa.

Katika kikao cha pili nilieleza mambo ya usafi kwanza, kama nilivyoombwa, kwa sababu wema unaoleta kuhara si wema. Maji yachemshwe mpaka yatokote vizuri. Yapoe katika chombo kile kile kikiwa kimefunikwa, kisha yamiminwe katika ndoo safi yenye mfuniko na koki. Asiwepo mtu wa kuchota kwa kikombe. Majagi yawe na vifuniko, yajazwe asubuhi na mchana, na masalio ya jana yasirudishwe mezani. Bilauri zioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yanayotiririka. Maji ya kunawa yaendelee kuwa mlangoni, na sabuni isikosekane. Kuhusu mkaa, niliwaonyesha kitu ambacho wapishi wetu walikwisha kukijua: baada ya maharage kuiva, jiko hubaki na makaa mekundu kwa muda mrefu. Sufuria kubwa ya maji ikiwekwa pale, inachemka kwa moto ambao tayari tumeulipia.

Kisha nikasema lililokuwa moyoni. Nilisema kwamba tunachanganya vitu viwili, haki na huruma. Mpita njia asiye na kitu, akija kuomba maji, tukimpa hiyo ni huruma, na Mungu atubariki. Lakini mteja aliyelipa si mwombaji. Tukimpa maji tusijisifu kwamba tumetoa sadaka, kama vile hatujisifu kwa chumvi. Alipoketi na kulipa alikuwa mgeni wa meza yetu, na mgeni wa meza ana haki ya kunywa. Kuhusu viatu vya watoto, nilisema kwamba ni kweli tunavihitaji, ila si sawa kuvipata kwa kiu ya mtu ambaye hana namna nyingine. Anayetaka chupa ya baridi aendelee kununua. Ni chaguo lake, na faida hiyo ni halali kabisa. Ninachokataa ni kumfanya asiyeweza kununua akose.

Mhasibu akaniuliza, kwa upole, “Mama Muuguzi, na pengo nani atalijaza?”

Nikamjibu kwamba tutalijaza sisi wanakamati na usharika mzima. Watoto wale ni wetu sote. Tumewakabidhi kwa friji ya chupa kwa sababu hilo ni jepesi kuliko kuingiza mkono mfukoni. Sikusema kwa kumshinda, na yeye hakukasirika. Mchungaji, aliyekuwa amekaa kimya vikao vyote viwili, alisema neno moja tu: kwamba katika nyumba hii maji ya ubatizo hayajawahi kuuzwa, na kwamba angependa anayeingia kwa mlango wa barabarani aone desturi ile ile na anayeingia kwa mlango wa kanisa.

Katika kikao cha tatu tulikubaliana kujaribu kwa miezi mitatu. Majagi manane yenye vifuniko, moja kila meza. Chupa ziendelee kuuzwa. Sahani ya wali iongezwe shilingi mia moja. Na kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe wazi.

Daftari lilisomwa, na sitaficha lilichosema. Chupa zilishuka, si zote, ila karibu nusu yake. Ile shilingi mia ya wali ilifidia sehemu tu ya pengo, kwa sababu baadhi ya wateja walihama kutoka wali kwenda chapati. Waliokuja kunywa tu bila kula walikuwa wachache kuliko tulivyohofia: watoto wa shule saa nane, vijana wa bodaboda, na mwanamke mmoja anayesukuma toroli la ndizi. Hakuna aliyeharisha. Lakini muhula ulipofunguka, mfuko wa watoto ulikuwa umepungua, na jozi tatu za viatu hazikuwa na pesa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulifanya mnada kama kawaida yetu. Mtu alileta kuku, mwingine mayai, mwingine tenga la zabibu, na mtoto mmoja alileta boga lililomshinda kubeba. Mhasibu ndiye aliyesimama na kueleza usharika habari yote, jagi na viatu, kwa tarakimu, bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Kisha yeye mwenyewe akanunua boga lile kwa bei ambayo boga haliwezi kuwa nayo, akalirudisha liuzwe tena, likanunuliwa tena. Viatu vilipatikana. Mpaka leo anasema uamuzi ule haukuwa wa kibiashara, na namwambia ni kweli. Hatujui kama kila muhula utakuwa na boga. Ndiyo maana jambo hili linabaki katika ajenda ya kila mwezi, na kila mwezi tunaamua upya.

Zipo nchi ambazo jambo hili limewekwa katika sheria. Uingereza na Wales, tangu mwaka 2010, sehemu zenye leseni ya kuuza pombe kwa ajili ya kunywewa pale pale zinapaswa kumpa mteja maji ya bomba bila malipo akiomba. Ufaransa, ambako jagi la maji mezani ni desturi ya siku nyingi, sheria ya mwaka 2020 ilizitaka hoteli za chakula zionyeshe wazi kwamba mteja anaweza kuomba maji ya kunywa bure. Umoja wa Mataifa nao ulitamka Julai 2010 kwamba maji safi na salama ni haki ya binadamu. Sera yetu ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilizungumzia mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ni mambo mema. Lakini wenzetu wale wanafungua bomba na kunywa. Sisi inatubidi kuchemsha kwanza. Sidai sheria ya kumbana mama lishe. Mwanamke anayepika chini ya mwembe, anayenunua dumu kwa mwenye mkokoteni wakati wa mgawo, akimtoza mteja wake shilingi hamsini kwa kikombe cha maji aliyoyachemsha mwenyewe, mimi simhukumu. Na nimeona kwamba mara nyingi yeye ndiye anayetoa bila kutoza. Maneno yangu nayaelekeza zaidi kwa wenye meza nyingi, wenye friji na koki, na hasa kwa sisi tulioandika jina la kanisa juu ya mlango.

Kuna jambo moja katika Yohana 4 ambalo huwa nalifikiria ninapojaza majagi asubuhi. Bwana aliketi kisimani akiwa amechoka, jua la adhuhuri, hana chombo cha kutekea, na akaomba maji ya kunywa. Mazungumzo yakaanza, yakawa marefu, yakafika kwenye maji yaliyo hai, na mji mzima ukaja. Lakini Yohana hatuambii kama yule mama alimpa yale maji. Tunaambiwa tu kwamba aliuacha mtungi wake. Huenda Bwana alikunywa, huenda alibaki na kiu yake mpaka wanafunzi wakarudi. Aliyeahidi maji ya uzima alikuwa, saa ile, mtu mwenye kiu asiye na ndoo, aliyelazimika kuomba.

Ukiwa na mgahawa, ndugu yangu, fanya hesabu zako kwa uaminifu, kama mhasibu wetu. Chemsha maji vizuri, funika chombo, osha bilauri. Kisha weka jagi mezani kabla mteja hajaketi, ili asiwepo wa kulazimika kuomba.